Sauti ya Bwana Ndani ya Gari: Wimbo wa Franco Battiato Ulivyozaliwa

Hotuba niliyoitoa mbele ya wapenzi wa muziki mjini Malindi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu vijana, wageni mliotoka mbali na mliotoka mtaa wa pili, jioni njema.

Malindi ni mji ambao Kiitaliano hakihitaji mkalimani. Humu ukumbini wamo waliojifunza lugha hiyo jikoni, waliojifunza kwenye boti za kupeleka wageni kuona matumbawe, na waliojifunza ufukweni wakiuza vinyago. Kwa hiyo sitawachosha kwa kuchambua mashairi mstari kwa mstari. Nataka kuzungumzia ulikotoka wimbo mmoja ambao Waitaliano wenyewe huuimba kwa sauti ya juu harusini, kisha wengi wao hukiri kwamba hawajui unasema nini. Ni "Centro di gravità permanente" wa Franco Battiato, uliotoka mwaka 1981.

Wako wanaosema wimbo huu ni mchezo wa maneno tu, sentensi zilizookotwa huku na huku zikabandikwa juu ya ngoma nzuri. Nimewasikia, na sikubaliani nao hata kidogo. Mimi naushika kuwa ni ombi la kweli kabisa, la mtu aliyekuwa amefanya kazi ya miaka kutafuta ndani yake kitu cha kumwongoza, akaamua kulipeleka ombi hilo mahali ambapo watu walikuwa wanacheza dansi.

Utazameni kwanza ulivyokaa. Unaanza na bibi kizee wa Bretagne, kule magharibi mwa Ufaransa, amevaa kofia, ana mwavuli wa karatasi ya mchele na fimbo ya mwanzi. Hujamaliza kumtazama, wanapita manahodha hodari. Nyuma yao wafanya magendo wajanja wa Makedonia. Halafu mapadri Wajesuiti wenye elimu ya Euclid, yule mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, wamevaa kama watawa wa Kibudha wapate kuingia katika baraza la wafalme wa nasaba ya Ming, kule China. Papo hapo, bila hodi, kinaingia kibwagizo: mtu anasema anatafuta kitovu cha uzito cha kudumu, kitakachomfanya asibadilishe kila mara anavyowaona watu na mambo. Kisha tunajikuta mitaani Beijing, siku za mwezi Mei, watu wanachuma majani yanayowasha kwa mzaha. Na kibwagizo kinarudi.

Mnaona kilichofanyika hapo? Beti zinatawanya, kibwagizo kinakusanya. Beti ni akili ya mtu jinsi inavyokwenda ikiachiwa: sura hii, sura ile, kumbukumbu ya kitabu, kipande cha safari, mzaha. Kibwagizo ni yule yule mtu anaposhtuka na kusema: hebu, nani hapa anayeongoza? Ukiondoa vurugu ya beti, kibwagizo kinabaki maneno matupu. Battiato alihitaji yule bibi wa Bretagne na wale wafanya magendo ili tuhisi, ndani ya dakika chache, jinsi tunavyoburutwa.

Sasa huyu mtu ni nani.

Francesco Battiato alizaliwa tarehe 23 Machi 1945 mashariki mwa Sicily, chini ya mlima Etna, katika mji ulioitwa Ionia wakati huo, ambao baadaye uligawanyika ukarudia majina yake ya zamani ya Giarre na Riposto. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana, na katikati ya miaka ya 1960 akapanda kwenda Milano kama Wasicily wengi wa zama zile, akiimba kwenye vilabu vya usiku. Mwaka 1967 alitokea kwenye televisheni katika kipindi cha mwimbaji Giorgio Gaber, na Gaber ndiye aliyemshauri ajiite Franco, kwa sababu katika kipindi hicho hicho alikuwepo Francesco mwingine, Guccini. Jina hilo likamganda mpaka mwisho.

Angeweza kubaki mwimbaji wa mapenzi wa kawaida. Hakubaki. Mwaka 1972 alitoa albamu mbili, "Fetus" na "Pollution", akitumia kinanda cha kielektroniki cha VCS3, mashine ya Kiingereza ambayo Italia nzima ni wachache waliokuwa nayo. Kwa miaka iliyofuata alizidi kujitenga na nyimbo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitunga kipande cha piano kiitwacho "L'Egitto prima delle sabbie": kifungu kimoja cha sauti kinapigwa, kinaachwa kififie, kinapigwa tena, kwa muda wa kama robo saa. Kilimpatia tuzo yenye jina la Karlheinz Stockhausen, mtunzi wa muziki wa Kijerumani. Kwenye redio hakuna aliyekipiga, na ukikisikiliza utajua kwa nini. Lakini mimi nakipenda, na nadhani huwezi kuuelewa wimbo wetu wa leo bila kipande hiki, kwa sababu kinakufundisha kusubiri. Unasubiri sauti ife kabisa kabla ya nyingine kuja, na katika kusubiri unajikuta unasikia vitu ambavyo havimo kwenye piano.

Katika miaka hiyo hiyo aliingia kwenye kipindi kigumu cha nafsi, akaanza kutafakari kila siku, na akakutana na mafundisho ya mtu mmoja ambaye lazima nikae kwake kidogo.

Aliitwa George Ivanovich Gurdjieff. Alizaliwa Alexandropol, mji ambao leo uko Armenia na unaitwa Gyumri, akafariki karibu na Paris mwaka 1949. Mwaka wa kuzaliwa kwake wanaubishania mpaka leo. Alizunguka nchi za mashariki akitafuta elimu kwa watawa na masufi, akafundisha Moscow na St. Petersburg, mapinduzi ya Urusi yakamfukuza, na mwaka 1922 akafungua chuo chake katika jumba kubwa karibu na Fontainebleau, Ufaransa. Mengi ya tunayoyajua juu ya maneno yake ya mwanzo yaliandikwa na mwanafunzi wake Mrusi, P. D. Ouspensky, aliyekutana naye Moscow mwaka 1915.

Gurdjieff alikuwa anasema jambo moja ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaudhi: kwamba binadamu amelala. Anatembea, anaongea, anafanya biashara, anaoa, anapigana vita, yote usingizini. Na kwamba ndani ya mtu hakuna "mimi" mmoja. Wako "mimi" wengi, kila mmoja anashika usukani kwa muda wake na kusema kwa niaba ya wote. Mfano wake ni huu: usiku mtu anaazimia kwamba kuanzia kesho ataamka alfajiri. Anaazimia kwa dhati. Alfajiri ikifika, anayetakiwa kuinuka kitandani ni "mimi" mwingine kabisa, ambaye hakuulizwa, hakubali, na hata habari hana. Kila aliyewahi kuweka saa ya kengele anajua kwamba hapa mtu huyu hakukosea.

Kutokana na hilo akapanga binadamu kwa namba. Wa kwanza anaendeshwa na mwili, wa pili na hisia, wa tatu na mawazo. Hao watatu ndio sisi sote tulivyozaliwa, hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Wa nne ni mtu aliyejifanyia kazi mwenyewe mpaka akapata kitu ambacho wengine hawana. Na kitu hicho, kwa maneno ya Gurdjieff yaliyoandikwa na Ouspensky, ni kitovu cha uzito cha kudumu. Ndiyo, maneno yale yale. Kibwagizo ambacho nusu ya Italia inakidhani kuwa kichekesho kimechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mafundisho ya mtu wa Gyumri. Mtu wa nne bado hajafika popote. Ana shaka, ana mapungufu, lakini ndani yake kuna kitu kimoja kilichokaa, na mambo mengine yote yanapimwa kwa hicho. Battiato hajiimbi kama mtu wa nne. Anajiimba kama wa kwanza, wa pili au wa tatu aliyechoka.

Gurdjieff alikuwa na mfano mwingine, na huu ndio uliompa Battiato jina la albamu nzima. Mtu ni gari la kukokotwa. Gari lenyewe ni mwili. Farasi ni hisia. Mwendeshaji ni akili. Na ndani ya gari angepaswa kukaa bwana, mwenye gari, anayejua linakwenda wapi. Shida ni kwamba gari limechakaa, farasi hajawahi kufundishwa, mwendeshaji analewa, na bwana hayupo. Kwa hiyo gari limekuwa la kukodi, na yeyote anayepita anapanda na kuamuru. Hapa Malindi tungesema ni tuktuk: anayepunga mkono ndiye bosi wa safari hiyo. Wahindi walikuwa na mfano wa karibu na huu miaka mingi kabla yake, katika Katha Upanishad, ambamo mwili ni gari, akili ni mwendeshaji, na nafsi ndiyo iliyopanda. Kazi ya mtu, kwa Gurdjieff, ni kutengeneza gari, kumfunza farasi, kumwamsha mwendeshaji, mpaka awe tayari kusikia sauti ya bwana.

Albamu iliyobeba wimbo wetu inaitwa "La voce del padrone". Sauti ya bwana.

Lakini jina hilo lina sura ya pili, na sura hii inafika mpaka kwetu. "La voce del padrone" ndilo jina ambalo Italia walilipa kampuni ya santuri ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa aliyekaa mbele ya santuri akisikiliza sauti ya bwana wake ikitoka kwenye pembe. Kampuni ya Battiato, EMI ya Italia, ilizaliwa kutokana na hiyo. Na wazee wa pwani hii wanaijua nembo hiyo, kwa sababu ni kampuni hiyo hiyo ya mbwa iliyomwita Siti binti Saad na wenzake Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Taarab yetu ya kwanza kwenye sahani ilitoka chini ya nembo ile. Kwa hiyo mtu wa Unguja, Lamu au Mombasa akiona jina la albamu hii ana haki ya kutabasamu. Battiato alichukua nembo ya biashara iliyokuwa kwenye kila nyumba, akaweka ndani yake swali zito: mbwa yule anamjua bwana wake kwa sauti. Wewe wako unamjua?

Albamu ilitoka Septemba 1981. Naomba mkumbuke Italia ilikuwa wapi wakati huo. Mwaka 1978 waziri mkuu wa zamani Aldo Moro alitekwa na Brigate Rosse, kundi la siri la kushoto lenye silaha, akakutwa amekufa ndani ya gari katikati ya Roma. Tarehe 2 Agosti 1980 bomu liliua watu 85 katika stesheni ya treni ya Bologna, wengi wao wakiwa safarini kwenda likizo. Novemba mwaka huo tetemeko la Irpinia liliua maelfu kusini mwa nchi. Mei 1981 Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro, na mwezi huo huo yakachapishwa majina ya wanachama wa jumuiya ya siri ya P2, wakiwamo mawaziri, majenerali na wakuu wa idara za ujasusi. Sisemi kwamba wimbo unazungumzia hayo, maana hauyagusi. Nasema waliousikia waliusikia kwa masikio hayo. Vijana waliokuwa wamepigania itikadi kwa miaka kumi, hawa wa kushoto, wale wa kulia, wakawa wamechoka na hawajui waamini nini. Akaja mtu mwembamba wa miwani, mwenye pua kubwa, akasema kwa sauti nyororo: nahitaji kitu ndani yangu kisichohama. Albamu ilipanda polepole, na ilipofika juu haikushuka haraka. Ikawa albamu ya kwanza ya Kiitaliano kuvuka nakala milioni moja.

Tuwarudie wale Wajesuiti, kwa sababu hawa wananishika kuliko sura nyingine zote za wimbo.

Walikuwepo kweli, na aliyejulikana zaidi ni Matteo Ricci, mzaliwa wa Macerata, mwaka 1552. Alifika Macao mwaka 1582, mwaka uliofuata akaingia China bara pamoja na mwenzake Michele Ruggieri. Walinyoa nywele na ndevu, wakavaa kanzu za watawa wa Kibudha, kwa kudhani kwamba mtu wa dini akivaa kama watu wa dini wa nchi hiyo atapokelewa. Miaka kama kumi na miwili baadaye Ricci akatambua kwamba wakubwa wa China hawawaheshimu sana watawa wale. Wanaoheshimiwa ni wasomi wa Konfusio. Basi mwaka 1595 akavua kanzu ya mtawa, akafuga nywele na ndevu, akavaa hariri ya msomi. Kwa hiyo Battiato ameunganisha mambo mawili: Ricci alipofika Beijing mwaka 1601 hakuwa tena amevaa kama mtawa wa Kibudha. Mshairi tumwachie.

Elimu ya Euclid nayo ni kweli tupu. Mwaka 1607 Ricci na rafiki yake Xu Guangqi walichapisha kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya jiometri ya Euclid. Na kuna jambo jingine ambalo haliko kwenye wimbo, nami siwezi kuondoka jukwaani bila kulisema. Miongoni mwa zawadi alizompelekea mfalme Wanli zilikuwa saa mbili za kugonga kengele na kinanda kimoja. Watumishi matowashi wa ikulu wakapewa mafunzo ya kukipiga, na walipojua kupiga wakaogopa kwamba mfalme atawauliza maneno ya nyimbo. Wakamwendea Ricci. Ricci akawatungia maneno ya nyimbo nane kwa Kichina, na hayakuwa ya mapenzi wala ya sifa za mfalme. Yalikuwa juu ya namna mtu anavyopaswa kuongoza moyo wake, upesi wa maisha, na upuuzi wa kukimbilia mbali kutafuta yaliyo karibu. Mwitaliano, miaka 380 kabla ya Battiato, anatunga nyimbo za kuongoza nafsi, na anazitia ndani ya ala mpya ambayo watu wanaitaka kwa burudani.

Sijui mtu aliyewahi kuwaweka wawili hawa pamoja, lakini mimi nawaweka. Nadhani Wajesuiti wa Battiato hawako kwenye ubeti kama vituko. Ni watu waliobadilisha mavazi mara mbili, lugha, chakula na hata jina, kwani Wachina walimwita Ricci Li Madou, na bado walibaki wakijua wametumwa na nani. Waweza kuwalaumu kwa mengine, na umisionari una hesabu zake ambazo sisi Waafrika tunazijua vizuri. Ila katika wimbo wa mtu anayetafuta kitu ndani yake kisichohama, wao ndio mfano uliopita mbele yake barabarani, na msemaji, kwa vurugu ya kichwa chake, anauacha upite.

Sasa niseme juu ya mstari ambao najua umewasumbua baadhi yenu. Kuelekea mwisho msemaji anaorodhesha muziki asioustahimili: kwaya za Kirusi, roki ya bandia, new wave ya Kiitaliano, free jazz, punk ya Kiingereza, na mwisho anasema hata ule mweusi wa Kiafrika. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza niliuma meno. Wapo wanaomtetea kwa kusema anajichambua mwenyewe, na utetezi huo una nguvu: new wave ya Kiitaliano ndilo jina ambalo magazeti yalikuwa yanaipa albamu hii hii, roki ya bandia imejaa ndani yake, na kwaya inaimba nyuma yake wakati huo huo. Anaorodhesha vinavyomvuta, anajifanya amevikataa, na dakika hiyo hiyo anavicheza. Naona ni kweli. Hata hivyo mstari huo haunipendezi. Muziki wa bara zima umewekwa mwishoni mwa orodha kama kitu kimoja chenye rangi moja, na mtu aliyejisomea kiasi kile angeweza kusema kwa usahihi zaidi. Naupenda wimbo, na mstari huo siupambi.

Kuhusu utengenezaji, kuna mtu mmoja ambaye hatajwi inavyostahili. Ni Giusto Pio, mpiga fidla wa okestra ya redio ya taifa mjini Milano, aliyezaliwa 1926, karibu miaka ishirini kabla ya Battiato. Battiato alimwendea kama mwanafunzi, ajifunze fidla. Mwalimu na mwanafunzi wakaishia kuwa watunzi wenza. Kabla ya mafanikio yao Pio alikuwa ametoa albamu iitwayo "Motore immobile", jina linalotokana na Aristotle, juu ya kile kinachosogeza vyote chenyewe kikiwa kimetulia. Battiato ndiye aliyeisimamia. Muziki wa wimbo wetu ni wa hao wawili, na mwaka huo huo wa 1981 wimbo "Per Elisa", waliomtungia mwimbaji Alice na kushirikiana naye, ulishinda tamasha la nyimbo la Sanremo. Mnapousikiliza wimbo, msiishie kwenye ngoma na kinanda. Sikilizeni jinsi sauti za kwaya zinavyopangwa, ni kazi ya mtu aliyekaa miaka na muziki wa zamani wa kanisani na wa jumba la opera. Chini yake ngoma ya Alfredo Golino inapiga moja kwa moja bila madoido. Juu kila kitu kinayumba. Chini hakuna kinachoyumba. Sidhani ni bahati.

Na Battiato mwenyewe kwenye televisheni alikuwa akiucheza kwa namna yake, mikono na miguu ikirushwa kana kwamba kila kiungo kimepewa amri yake. Watu walicheka. Gurdjieff alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake michezo ya viungo ambamo kichwa kinafuata mdundo mmoja, mikono mwingine, miguu mwingine, ili akili isipate nafasi ya kulala, na mara moja moja angepiga kelele "Simama!" nao wakaganda walivyo, mguu juu, waone ni nani ndani yao aliyekuwa macho. Siwezi kuapa kwamba Battiato alikuwa na hilo akilini mbele ya kamera. Ila tangu nilipojua habari ya michezo hiyo siwezi tena kuitazama video ile na kuona kichekesho.

Baada ya hapo maisha yake yalionyesha kwamba hakuwa anatania. Mwaka 1985 alianzisha nyumba ya kuchapisha vitabu, L'Ottava, iliyopewa jina kutokana na fundisho la Gurdjieff juu ya oktavu, itoe vitabu vya elimu ya ndani ambavyo wachapishaji wakubwa hawakuvitaka. Mwaka huo huo alitoa nyimbo zake, pamoja na huu, kwa Kihispania na Kiingereza, katika albamu yenye jina la ngoma za masufi. Mwaka 1988 akatoa "E ti vengo a cercare", wimbo ambao mpenzi akiuimba ni wa mpenzi, na anayesali akiuimba ni sala. Mwaka uliofuata aliimba Vatican mbele ya Papa Yohane Paulo II. Alikuwa amejifunza Kiarabu, na tarehe 4 Desemba 1992, Iraq ikiwa chini ya vikwazo, akaenda Baghdad kuimba pamoja na okestra ya taifa ya nchi hiyo, na mmoja wa nyimbo zake usiku ule ulikuwa "Fogh in Nakhal", wimbo wa kale wa Iraq ambao wenye jamaa Ghuba hapa wanaujua tangu utotoni. Ni mtu yule yule: Mkatoliki wa kuzaliwa, msomaji wa Gurdjieff, anayetafakari kila asubuhi, anayeimba Kiarabu mbele ya Waarabu. Mwenye kutazama nje tu ataona mtu asiye na msimamo. Mimi namwona kama Ricci na makanzu yake.

Mwaka 1996 akatoa "La cura", kwa maneno aliyoyaandika pamoja na mwanafalsafa Manlio Sgalambro, Msicily mwenzake. Ndani yake sauti moja inaahidi kumlinda mwingine na hofu, na maumivu, na mabadiliko ya moyo wake mwenyewe. Wengi huupiga siku ya kuoana, na ni haki yao. Lakini ukiuweka baada ya wimbo wa 1981 utasikia kitu kingine: miaka kumi na mitano mapema mtu aliita ndani ya gari lake akiuliza kama kuna mtu, na sasa aliye ndani anamjibu. Huo ni usomaji wangu, na mwenye usomaji wake ataniambia tukinywa kahawa.

Alifariki tarehe 18 Mei 2021, nyumbani kwake Milo, juu ya mteremko wa Etna, akiwa na miaka 76. Siku ile Italia ilikuwa bado kwenye masharti ya korona, na mitandao ya Waitaliano ikajaa kibwagizo hiki.

Nimeongea vya kutosha, na wimbo hamjausikia. Fundi wetu ana sahani yenyewe, ile ya mwaka 1981. Kijana wangu, ni upande wa pili, wimbo wa pili, baada ya "Segnali di vita". Mnaokijua Kiitaliano, waelezeni mnaokaa nao. Na mwenye kutaka kucheza asione haya, ainuke, maana ulitungwa uchezwe.